Upepo wa tairi la pikipiki: kutafuta namba yako kwenye barabara za Tabora

Siku ile nilikuwa natoka vijiji vya Sikonge na ndoo tatu za asali kwenye keria. Asubuhi, kabla ya kuingia njia ya mchanga, nilikuwa nimepunguza upepo wa tairi la nyuma ili pikipiki isizame. Nikapakia, nikarudi vizuri, nikapanda lami na kufungua mafuta. Kilomita chache mbele, nyuma ikaanza kuyumba. Kusimama, tairi liko chini na shina la vali limemezwa ndani ya rimu. Tyubu ilikuwa imekatika pale pale vali inapoota, na pale hapazibiki, kiraka hakishiki. Nilikaa chini ya mti na asali yangu mpaka jioni nikisubiri mtu aniletee tyubu kutoka mjini.

Upepo ule ule ulionivusha kwenye mchanga ndio uliokata tyubu kwenye lami. Kosa halikuwa kuupunguza. Kosa ni kwamba sikuurudisha, tena na kilo themanini na kitu mgongoni. Tangu hapo nimeacha kuuliza "tairi linatakiwa upepo kiasi gani?" Nauliza: likiwa na mzigo upi, kwenye njia ipi, na limepimwa saa ngapi? Haya ninayoandika ni kwa pikipiki zetu za kawaida za cc 100 hadi 150, zenye rimu za spoki na tyubu ndani, zinazofanya bodaboda na kubeba mizigo.

Kwanza, geji yako mwenyewe

Kijana anayeziba pancha karibu na kijiwe chetu ni fundi mzuri wa viraka, sina ubishi naye. Ila ukimwambia akujazie upepo, anapiga pampu, anabonyeza kwa kidole gumba, kisha anasema: "Bosi, umejaa huo, bonyeza mwenyewe." Nilibonyeza. Kweli lilikuwa gumu. Nikaweka geji, yaani kipimo cha upepo: 41, kwa PSI, kizio ambacho geji zetu husoma. Nikashusha mpaka 22, nikamwambia abonyeze tena. "Gumu hilo, kaka." Tairi la pikipiki ni jembamba na nyuzi zake ni nene, kwa hiyo kidole hakiwezi kutofautisha 22 na 41. Hata kulipiga teke hakusaidii.

Nunua geji. Ya kalamu inafaa, ya mshale inasomeka kirahisi zaidi, na yoyote kati ya hizo ni rahisi kuliko tairi moja. Ukiwa dukani, ijaribu kwenye tairi lolote lililo karibu, mara tatu mfululizo. Ikisoma 30, kisha 26, kisha 33, irudishe. Ikisoma 30, 30, 29, ichukue, maana ile moja iliyopungua ni upepo unaotoka kidogo kila unapopima. Tairi letu ni dogo, likipoteza hata kidogo namba inashuka. Kwa hiyo bandika geji kwa mkono mmoja wa haraka na ulio wima, usiisikilizie ikipuliza. Geji iliyobandikwa kwenye pampu ya mguu usiiamini mpaka uilinganishe na yako.

Hatua ya 1: soma kilichoandikwa

Namba ya kuanzia haitoki kichwani. Imeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye stika iliyobandikwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma au kwenye kava la mnyororo. Kwa pikipiki nyingi za aina zetu utakuta mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, nyuma 32 ukiwa na abiria. Yako ikisema tofauti, fuata ya kwako. Usichukue za jirani kwa sababu tu pikipiki zenu zinafanana rangi.

Stika nyingine hazisemi PSI. Ukiona 1.75 kg/cm² hiyo ni 25. Ukiona 2.00 ni 28, na 2.25 ni 32. Ikiandikwa kwa kPa, 200 ni sawa na 29. Kwa bar, moja ni 14.5.

Kisha chuchumaa usome ubavu wa tairi lenyewe. Pale watu wengi hukosea: wanaona PSI imeandikwa ubavuni wanadhani ndiyo ya kujaza. Siyo. Ile ni kikomo, yaani upepo wa juu kabisa ambao tairi hilo linaruhusiwa kujazwa likiwa baridi ili libebe mzigo wake wa juu kabisa. Ukijaza kiasi hicho huku unaendesha peke yako mtupu, utakuwa unarukaruka kama mpira wa watoto.

Ubavuni kuna kitu kingine cha thamani ambacho hakuna anayekisoma. Baada ya saizi, mfano 3.00-17, kuna namba mbili na herufi, mfano 50P. Hiyo 50 si kilo hamsini, ni msimbo wa uzito: 50 maana yake kilo 190, 47 ni kilo 175, 45 ni 165, 41 ni 145. Herufi P inasema tairi linavumilia spidi ya hadi kilomita 150 kwa saa, jambo ambalo kwa mashimo yetu halikuhusu. Ziandike hizo kilo mahali, tutazihitaji. Na ukitaka kujua kama muuza duka anakuuzia tairi lililozeeka kwenye rafu, tafuta tarakimu nne zilizofungiwa pamoja mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 2: pima likiwa baridi

Namba zote hizo ni za tairi baridi. Baridi maana yake pikipiki imelala, au imekaa angalau saa tatu bila kuendeshwa, tena kivulini. Mimi napima asubuhi kabla sijaitoa uani, siku ya Jumatatu na Ijumaa, nikiwa bado sijamwambia mtu "mwangaluka". Ukipima saa nane mchana, pikipiki imetoka Ng'ambo imekwenda Ipuli imerudi stesheni mara sita, geji itakudanganya bila yenyewe kuwa mbovu.

Kila nyuzi 10 za joto huongeza karibu PSI moja na nusu kwenye tairi lenye 28. Asubuhi ya Julai hapa Tabora inaweza kuwa nyuzi 15 hivi, mchana wa Oktoba 32. Tairi lile lile, upepo ule ule, bila kuongeza wala kupunguza, linaachana kwa zaidi ya PSI 2. Hapo bado hujaendesha. Ukiendesha, kujikunja kwa ubavu na msuguano wa barabara vinaongeza tena.

Ndiyo maana usipunguze kamwe upepo wa tairi la moto kwa sababu umeona geji inasoma 32 badala ya 28. Likipoa litakuwa na 24 au 25, na kesho utaendesha tairi lisiloshiba.

Sasa, wengi wetu hatuna pampu nyumbani, tunakwenda kwenye kompresa ya kituo cha mafuta au kwa fundi pancha, na tukifika tairi limeshapata joto. Fanya hivi. Pima nyumbani likiwa baridi. Tuseme limesoma 24 na unataka 28: pengo ni 4. Ukifika kwenye kompresa pima tena, hata likisoma 26 usijali, ongeza 4 juu ya hiyo 26, liwe 30. Asubuhi ya pili hakikisha. Hesabu ni ya pengo, siyo ya namba unayoiona pale.

Hatua ya 3: hesabu kilo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo tunapodanganyana. Mtu anakwambia "mzigo mdogo tu, kaka," anakuletea ndoo mbili za asali. Ndoo ya lita 20 ikiwa na maji ni kilo 20. Ikiwa na asali ni karibu kilo 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji kwa takribani mara 1.4. Ndoo tatu ni kilo 84. Hiyo ni zaidi ya abiria mtu mzima, na tofauti na abiria, ndoo haziinuki kidogo unapopita shimoni. Zinapiga chini na uzito wao wote.

Tufanye hesabu ya haraka, kwa makisio. Pikipiki yenyewe ina kama kilo 120, na gurudumu la nyuma linabeba zaidi kidogo ya nusu, tuseme 66. Dereva wa kilo 70 anakaa karibu na katikati ila anaegemea nyuma, tuseme 45 zinakwenda nyuma. Ndoo zangu tatu zilikuwa juu ya keria, nyuma ya ekseli (chuma ambacho gurudumu la nyuma linazungukia), kwa hiyo kilo zote 84 ziliingia tairi la nyuma. Jumla 195. Tairi langu lilikuwa 50P, yaani kilo 190, na hizo kilo 190 linazibeba likiwa na upepo wa kikomo ulioandikwa ubavuni. Mimi nilikuwa na upepo wa mchanga, kama 22. Ndiyo kusema nilitegemea muujiza.

Rudia hesabu hiyo kwa abiria wa kilo 70 mwenye begi la kilo 15. Utapata karibu 190 pia. Kwa hiyo abiria mmoja na begi lake tayari wanagusa mwisho wa tairi hilo. Mishikaki, yaani abiria wawili na zaidi, inakatazwa na askari wa barabarani, lakini tairi lilikuwa limeshakataa kabla yake.

Kwangu mimi imetoka hivi, nikiwa na tairi la aina hiyo:

Peke yangu: mbele 25, nyuma 28.
Abiria mmoja: mbele 25, nyuma 32.
Mzigo mzito kwenye keria: mbele 25, nyuma 32 hadi 34, na sipiti kikomo cha ubavuni hata siku moja.

Mbele siongezi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unainua mbele badala ya kuikandamiza, na tairi la mbele likiwa gumu na jepesi usukani unapoteza mshiko. Kama mbele kumekuwa kwepesi mno, sogeza mzigo uje karibu na kiti. Upepo hautakusaidia.

Na jambo la kukubali mapema: kuongeza upepo hakuongezi uwezo wa tairi kupita zile kilo zake. Kunakufikisha kwenye kikomo tu. Ukitaka kubeba zaidi, badili tairi lenye namba kubwa ya uzito linaloingia kwenye rimu yako, au gawanya mzigo safari mbili. Najua safari mbili ni mafuta mara mbili. Nimeshapiga hesabu ya tyubu, tairi na siku iliyopotea chini ya mti, na safari mbili ilishinda.

Hatua ya 4: angalia njia

Lami ya kwenda Nzega au Urambo haina siri: weka ya kitabu, endesha. Upepo pungufu kwenye lami kwa spidi ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu ubavu unajikunja maelfu ya mara, joto linapanda na tyubu inalainika. Upepo uliozidi nao unakula katikati ya tairi na kukufanya uteleze lami ikiwa na matone ya kwanza ya mvua ya Novemba, yale yanayochanganyika na vumbi.

Barabara ya changarawe iliyopigwa mawimbi inataka ya kitabu, isizidi. Watu wanajaza mpaka 40 wakisema "nisipate pancha". Wanachopata ni spoki zilizolegea na shokapu zinazovuja, kwa sababu tairi gumu linakabidhi kila wimbi kwa rimu. Pia jiwe kali hulitoboa tairi lililotanuka kwa urahisi, maana haliwezi kunywea na kulipisha.

Mchanga ndio mada ndefu. Njia nyingi za msituni kwetu ni mchanga mtupu, hasa kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe. Kupunguza upepo kunafanya tairi litandike chini, lisizame. Lakini tairi letu ni jembamba, halitandiki sana hata ukilipunguza, na rimu zetu hazina kibano cha kushika tairi lisizunguke. Kwa hiyo mimi nimejiwekea sheria. Kama mchanga ni wa kilomita mbili tatu, sigusi upepo, napunguza mwendo, nasimama kwenye pegi za kukanyagia, naachia usukani ucheze kidogo. Kama ni mrefu, na niko bila abiria wala mzigo, nashusha nyuma mpaka 23 na mbele 21. Chini ya 20 siendi. Hapo tairi likigonga mzizi au jiwe, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya hivyo usilaumu msumari.

Na hakuna kushusha upepo kama huna pampu ndogo ya kuurudisha. Mimi sasa nafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa klachi kila ninapopunguza. Nikishika klachi kwenye lami nakiona. Wenzangu kijiweni wananicheka, wanadhani ni dawa.

Tope la mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Igunga na kwenye mabonde, halihitaji ujanja wa upepo. Likishajaa kwenye kashata, yale meno ya tairi, umekuwa na tairi kipara, uwe na 20 au 35. Acha ya kitabu, kata kijiti cha kukwangulia, na usiende na abiria.

Hatua ya 5: mwulize tairi

Namba ulizopata ni makisio mazuri, sasa zithibitishe. Pima baridi, tuseme 28 nyuma. Endesha nusu saa kwa mwendo wako wa kawaida na mzigo wako wa kawaida, simama kivulini, pima papo hapo. Likipanda kama sehemu moja ya kumi, yaani likisoma karibu 31, uko sawa. Likisoma 34 au 35, limechemka kupita kiasi: ulianza na upepo mdogo au mzigo umezidi. Hapo ongeza PSI 2 asubuhi inayofuata na ujaribu tena. Likibaki 29, na kweli uliendesha nusu saa, upepo ulikuwa mwingi kwa mzigo ule.

Njia ya pili ni chaki. Chora mstari mweupe kuvuka upana wa tairi, endesha mita mia mbili kwenye lami iliyonyooka, angalia palipofutika. Tairi la pikipiki ni la mviringo, kwa hiyo katikati patafutika siku zote. Unachotafuta ni upana. Pakifutika kama kidole kimoja tu, tairi limesimama juu ya kilele. Pakifutika mpaka karibu na mabega wakati hujalaza pikipiki popote, halijashiba. Rudia ukiwa na abiria utaona tofauti kwa macho yako.

Njia ya tatu inachukua miezi: kuliwa kwa kashata. Katikati pakiisha mapema huku mabega yana nywele, umekuwa ukijaza mno. Mabega yakiisha na ubavu ukionyesha mipasuko midogo, umekuwa ukiendesha pungufu. Tairi la nyuma la bodaboda wa mjini litaliwa katikati kidogo hata kwa upepo sahihi, kwa sababu barabara zetu zimenyooka. Usiogope hilo.

Upepo unapotoroka

Tyubu yoyote inapoteza kidogo, hata isiyo na tundu. PSI moja au mbili kwa wiki mbili ni kawaida. Ukikuta 5 zimeondoka ndani ya wiki, tafuta. Anza na vali: ondoa kofia, weka tone la mate au povu la sabuni mdomoni mwake. Likivimba, pini ya ndani imelegea au imeingia vumbi, na vumbi la Tabora la kiangazi linaingia popote. Ikaze, ikiendelea kuvuja ibadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Kisha vaa kofia, na kama umeipoteza nunua nyingine leo. Kofia yenye mpira ndani ni kizuizi cha pili cha upepo, siyo pambo.

Halafu angalia shina la vali limesimamaje. Linatakiwa lielekee katikati ya gurudumu, wima. Likiwa limeinama, tairi limezunguka kwenye rimu likaivuta tyubu, na uko njiani kunifuata kwenye ule mti wangu. Toa upepo wote, sukuma tairi lirudi mpaka vali inyooke, jaza upya.

Nati ndogo ya kwenye shina la vali mafundi wengi huikaza mpaka igandamane na rimu. Mwambie wako asiikaze. Iachie, ipandishe juu iguse kofia. Nati ikibana rimu, shina haliwezi kuinama kukuonya, litakatika ndani kimya kimya. Ikiwa juu, utaliona limelala asubuhi unapopima, ukiwa bado uani kwako.